Siku Ishirini na Moja: Kuishi na Dawa za Kansa Nyumbani, Kazini na Kanisani

SOMO LA VIKUNDI



Katika kuvitembelea vikundi vyenu tumeulizwa swali moja mara nyingi, hasa na akina mama. Mtu wetu ameanza dripu za kansa. Sasa tumfanye nini? Alale tu? Aende shambani? Watoto wale naye sahani moja? Tumpelekee kesha la maombi?

Tunalifurahia swali hili. Zamani, kansa ikitajwa, watu walianza kuulizana juu ya kamati ya mazishi. Siku hizi dripu hazitolewi tu katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta kule Nairobi. Zinatolewa pia Eldoret, Kisumu, Nakuru, Mombasa, Garissa na miji mingine, na mara nyingi mgonjwa hurudi kwake jioni ile ile. Kwa hivyo matibabu yenyewe huchukua saa chache hospitalini, halafu wiki tatu nzima nyumbani kwako. Sista wa hospitali hayuko hapo usiku. Wewe ndiye uko. Ndiyo sababu tumeona ni vyema kuliandika somo hili, na tunaomba lisomwe kwa sauti katika kikundi, hata na wale ambao hawana mgonjwa.

Dawa hii hufanya kazi namna gani

Mkulima ataelewa upesi. Kansa ni kama sangari katika shamba la mahindi. Ukiipalilia mara moja, juu panaonekana safi, na jirani anakusifu. Lakini mizizi iko chini. Uvimbe wa kansa wenye upana wa sentimita moja tu una chembe zipatazo bilioni moja. Kila dripu huua sehemu ya chembe hizo, si zote. Inayofuata huua sehemu ya zile zilizobaki. Ndiyo maana daktari husema mara nne, au sita, au nane, na hapunguzi kwa sababu mgonjwa anajisikia vizuri.

Mbona basi zisitolewe zote kwa wiki moja tukamaliza? Kwa sababu dawa hii haichagui vizuri. Inashambulia chembe zote ambazo huzaana haraka. Kansa ni mojawapo, lakini pia nywele, ngozi laini ya mdomo na ya tumbo, na uboho ndani ya mifupa, ambako damu hutengenezwa. Hizi nzuri lazima zipewe nafasi ya kumea tena. Kwa dawa nyingi nafasi hiyo ni wiki tatu, yaani siku 21. Kuna zinazotolewa kila wiki mbili, na kuna za kila wiki. Mgonjwa aulize kwa uwazi: yangu ni ya siku ngapi, na mara ngapi? Mama mwenye kansa ya matiti, kwa mfano, mara nyingi hupewa kwanza mizunguko 4 ya siku 21 ya dawa mbili pamoja, kisha dawa nyingine hufuata. Hiyo mizunguko 4 peke yake ni siku 84, karibu miezi mitatu. Jamaa wakijua hivyo mapema, wanapanga. Wasipojua, kila dripu inakuja kama mgeni wa ghafla.

Kuna wale husema ati kemo ni kitu cha wazungu kilicholetwa kutujaribu sisi. Tuwajibu kwa upole. Mwaka 1958 daktari mpasuaji Denis Burkitt, Mkristo aliyefanya kazi Mulago, Kampala, aliandika juu ya uvimbe wa taya uliokuwa ukiua watoto wa maeneo yetu haya yenye malaria nyingi. Upasuaji haukuwasaidia. Walipopewa dawa hizi, baadhi yao walipona kabisa, na jambo hilo likawapa moyo madaktari wa dunia nzima. Taasisi ya Kansa ya Uganda ilianzishwa mwaka 1967 kutokana na kazi ya namna hiyo. Tena, dawa moja kubwa ya kansa, vinkristini, hutokana na ua dogo la rangi ya waridi lenye asili ya Madagaska, ambalo wengi wetu tunalipanda mbele ya nyumba kwa urembo tu. Tafadhali msiende kulichemsha! Ua hilo ni sumu. Kipimo ndicho hulifanya kuwa dawa, na kipimo hicho kinajulikana hospitalini.

Hesabu ya siku

Hapa ndipo kiini cha somo. Chukua kalenda, ile ya ukutani ya kanisa inatosha, uandike 1 kwenye siku ya dripu. Siku inayofuata ni 2, na kuendelea hadi 21. Kila mtu wa nyumba hiyo, hata mtoto wa darasa la sita, ajue leo ni siku ya ngapi.

Siku ya 1 na ya 2 mgonjwa anaweza kuwashangaza. Pamoja na dripu hupewa dawa za kuzuia kutapika, na moja ya hizo humfanya mtu awe macho na mwenye nguvu. Tumemwona mama anafua nguo za nyumba nzima siku ya pili, na shemeji zake wakanong'ona kwamba haumwi huyu. Siku ya 3 akaanguka kitandani kama gunia. Hakuwa anajifanya, siku ile wala hii. Mwenye kisukari ajue kwamba dawa hiyo hupandisha sukari, kwa hivyo amwambie daktari kabla.

Ikiwa dripu ilikuwa nyekundu, mkojo unaweza kuwa mwekundu kwa siku moja au mbili. Si damu. Anywe maji mengi.

Siku ya 3 hadi ya 6 ni za uchovu na kichefuchefu. Dawa za kutapika zimezwe kwa saa zilizoandikwa, hata kama hajisikii vibaya. Kuzuia ni rahisi kuliko kutuliza. Na kama bado anatapika, asinyamaze mpaka kliniki ijayo akidhani ndivyo ilivyo. Ziko dawa za aina kadhaa na daktari anaweza kubadilisha.

Halafu zinakuja siku za 7 hadi 14. Tuzisome hizi mara mbili. Katika siku hizo chembe nyeupe za damu, ambazo ni askari wa mwili, hushuka chini kabisa. Cha kusikitisha ni kwamba mara nyingi hizi ndizo siku ambazo mgonjwa anaanza kujisikia nafuu. Anataka kwenda sokoni, anataka kwenda matangani, wageni wanasema twende tukamwone sasa ameamka. Kumbe mlango wa nyumba uko wazi na askari wamelala.

Katika siku hizo homa si jambo dogo. Sisi Wakenya tuna mazoea yetu: mtu akipata joto usiku, tunasema ni malaria, tunampa panadol, asubuhi mtoto anatumwa kwa kemisti kununua dawa. Kwa mtu mwingine hiyo yaweza kupita. Kwa mtu aliye kwenye dripu za kansa inaweza kumuua kwa siku moja, kwa sababu panadol hushusha joto lakini maambukizi yanaendelea kutembea katika damu. Joto likifika nyuzi 38 au zaidi, au akitetemeka kwa baridi hata bila joto kubwa, asingoje asubuhi. Asipewe panadol kwanza. Apelekwe hospitali usiku ule ule, kwa pikipiki, kwa gari la jirani, kwa vyovyote. Kipimo cha malaria kitafanywa huko huko pamoja na cha damu. Mwongozo wa madaktari ni kwamba dawa ya kuua viini iingizwe kwenye mshipa ndani ya saa moja tangu mgonjwa wa namna hii afike.

Sasa, hospitali ndogo usiku ina kijana mmoja zamu na foleni ndefu. Yeye hamjui mama huyu. Kwa macho anaona mtu mwenye homa kama wengine ishirini walioketi kwenye benchi. Kwa hivyo mgonjwa au anayemleta aseme maneno haya kabla ya kuulizwa:

"Daktari, huyu yuko kwa dripu za kansa. Leo ni siku ya kumi. Joto ni 38 na nusu. Tunaomba apimwe damu na aanzishiwe dawa sasa."

Akiambiwa, "Mama, keti kwa laini," arudie, kwa heshima, lakini arudie. Tunashauri maneno hayo yaandikwe kwenye karatasi na kubandikwa ndani ya jalada la kitabu cha kliniki, pamoja na jina la dawa anazopewa, tarehe ya dripu ya mwisho na namba ya simu ya kliniki yake. Karatasi haiogopi daktari.

Ili kujua ni nyuzi 38 unahitaji kipimajoto. Kiganja cha mkono kwenye paji la uso hakitoshi. Kipimajoto cha betri kinapatikana kwa kemisti kwa bei ambayo kikundi cha watu kumi kinaweza kuichanga bila kusikia uchungu. Kama kikundi chenu kitafanya jambo moja tu baada ya somo hili, tungependa liwe ni hilo.

Dalili nyingine za kukimbilia hospitali ni kupumua kwa shida, damu kutoka kwenye fizi au puani bila kukoma, kuharisha mara nyingi kwa siku, na kutoweza kunywa hata maji.

Siku ya 15 hadi ya 21 mwili unarudi. Hii ndiyo wiki ya mgonjwa. Harusi, ibada, kwenda kuona shamba, kumtembelea mtoto shuleni, viwekwe hapa.

Kazi

Wengine hufikiri mtu akianza kemo basi kazi imekwisha. Wengine hufikiri kinyume, kwamba akilala ni uvivu. Ukweli hutegemea dawa, kazi na mtu mwenyewe. Profesa Anyang' Nyong'o alipatikana na kansa ya tezi dume mwaka 2010 akiwa Waziri wa Huduma za Matibabu. Alitibiwa, akasema hadharani, na sheria ya nchi juu ya kuzuia na kudhibiti kansa ilipita mwaka 2012 yeye akiwa bado waziri. Baadaye alichaguliwa gavana wa Kisumu mwaka 2017 na tena 2022. Kila kansa ina njia yake, na waziri ana gari na dereva, tunajua. Lakini kusema hadharani hakuhitaji dereva.

Aliyeajiriwa ana haki zake. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 30, inasema mtu aliyefanya kazi miezi miwili mfululizo apewe likizo ya ugonjwa isiyopungua siku 7 za mshahara kamili, na nyingine 7 za nusu mshahara, katika kila miezi 12, akileta cheti cha daktari. Hicho ni kiwango cha chini. Mikataba ya vyama vya wafanyakazi mara nyingi huongeza, na walimu wana kanuni zao za TSC, kwa hivyo kila mtu asome barua yake ya kazi. Tena kuna likizo ya kila mwaka ya siku 21 za kazi. Mtu anayejua kalenda yake ya dripu anaweza kuzigawa siku hizi kwa akili: siku ya dripu, na zile mbili tatu za kuanguka. Akizimaliza zote mwezi wa kwanza kwa kukaa tu nyumbani akiogopa, atakuja kuzihitaji.

Amwambie mwajiri? Kwa maoni yetu, ndiyo, amwambie mmoja aliye juu, mapema, akiwa na barua ya daktari na kalenda mkononi. Mkubwa anayejua kwamba mtu huyu atakosekana tarehe fulani na fulani ana shida ndogo kuliko yule anayeona kiti kitupu tu. Si lazima ofisi nzima ijue.

Aliyejiajiri hana kifungu cha 30. Mama wa mboga asipofungua kibanda, hapati unga. Basi huyu apange dripu kulingana na soko. Kliniki nyingi zina siku zao maalum, lakini mara nyingine kuna nafasi ya kuchagua, nawe uulize. Ikiwa siku kuu ya soko lenu ni Jumamosi, dripu ya Alhamisi itamwangusha Jumamosi hasa. Afadhali Jumatatu au Jumanne. Mfanyakazi wa ofisi naye anaweza kupenda Alhamisi au Ijumaa, ili siku mbaya zimkute nyumbani wikendi. Wiki ya pili yenye watu wengi, mama akae nyuma akihesabu pesa na kupanga bidhaa, na binti au mwanachama wa chama asimame mbele kwa wateja. Tunajua chama kimoja ambacho wanachama walishika zamu katika kibanda cha mwenzao kila siku ya 3 hadi ya 6, na mauzo yakaandikwa kwenye daftari ili pasitokee maneno. Maneno huvunja vyama kuliko njaa.

Shambani, wiki ya pili asishike samadi, asisafishe banda la kuku, asipalilie kwa mikono mitupu wala miguu mitupu. Kidonda kidogo cha mwiba ni mlango. Na kuna dawa ambazo baada ya mizunguko kadhaa hufanya vidole kufa ganzi. Huyu aangalie sana sufuria za moto na kisu, kwa sababu atajikata au kuungua kabla ya kusikia.

Nyumbani

Kansa haiambukizi. Mtoto alale karibu na mama yake, wale pamoja, wakumbatiane. Jambo moja tu: kwa muda wa siku 2 hivi baada ya dripu, masalio ya dawa hutoka kwenye mkojo, choo, matapishi na jasho. Anayesafisha ndoo au mashuka avae glavu, nguo hizo zifuliwe peke yake, na mikono ioshwe kwa sabuni. Mama mjamzito asipewe kazi hiyo. Choo cha shimo kifunikwe. Zile karatasi za plastiki tulizokuwa tukivaa mikononi zilipigwa marufuku nchini mwaka 2017, kwa hivyo nunueni glavu.

Mwenye aibu aruke mistari hii, lakini wenye ndoa wasiiruke. Mume na mke hawakatazwi kuwa pamoja kama mgonjwa ana nguvu. Watumie kondomu wakati wote wa matibabu. Mimba isiingie wakati huu, awe ni mke au mume anayetibiwa, kwa maana dawa inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Na anayenyonyesha aache akianza dripu.

Chakula kiwe kidogo kidogo, mara nyingi, na kiive. Maji yachemshwe. Maziwa yachemshwe pia, hata yale ya ng'ombe wa nyumbani mnayemwamini, na mursik ya kienyeji ingoje matibabu yaishe. Mayai yaive hadi kiini kigande. Tunapenda kachumbari, lakini katika wiki ya pili sukuma iliyopikwa ni salama zaidi. Harufu ya kitunguu kinachokaangwa humfukuza mgonjwa mezani, kwa hivyo pika akiwa nje. Wengine husikia ladha ya chuma mdomoni, na kijiko cha mbao huwasaidia. Uji wa wimbi, ndengu, omena, ndizi zilizopondwa: sahani ndogo, bila kumlazimisha na bila kumwambia "kula, watoto wako wanakutazama." Midomo ikiwa na vidonda, asukutue mara kadhaa kwa siku kwa lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, yenye kijiko cha chai cha chumvi na kijiko cha chai cha soda ya kuokea. Mswaki uwe laini.

Nywele hutoka kama wiki ya pili au ya tatu baada ya dripu ya kwanza, kwa dawa nyingi ingawa si zote. Humea tena zikimalizika. Ni vyema kuzinyoa mapema, na mtu ampendaye akiwapo. Kuna nyumba moja ambapo mume na wavulana wawili walinyoa pia, na mtaa mzima ukacheka nao.

Watoto waambiwe. Hili wazazi wengi hulikwepa, wakisema ni wadogo. Lakini mtoto anaona nywele, anaona ndoo, anasikia shangazi akilia jikoni, na akikosa maelezo hujitengenezea yake mwenyewe, mara nyingi kwamba yeye ndiye aliyekosea. Mwambie kwa maneno machache: Mama ana ugonjwa unaoitwa kansa. Hukuuleta wewe, na hauwezi kukushika. Dawa ndiyo inamchosha. Wiki ile ataweza kucheza nawe. Akiuliza, "Mama atakufa?" usimdanganye wala usimtupie mzigo. Unaweza kusema, "Madaktari wanafanya kazi ili apone, nasi tunaomba. Kukiwa na habari mpya nitakuambia mimi mwenyewe." Halafu utimize.

Imani

Tunakuja penye ugumu. Tumesikia, tena si mara moja, habari za mgonjwa aliyefanya mizunguko mitatu, uvimbe ukapungua, akaombewa, akatangaziwa mbele ya watu kwamba amepona, na hakurudi kliniki. Miezi ikapita, sangari ikamea tena, na safari hii haikusikia jembe la kwanza.

Hatusemi maombi ni bure. Kanisa lisiloombea wagonjwa limeacha kazi yake, na Yakobo katika sura ya 5 amewaelekeza wazee wa kanisa waziwazi. Lakini tumsome mfalme Hezekia katika 2 Wafalme sura ya 20. Aliugua hadi kufa. Aliomba, akalia, na Mungu akamsikia kabla nabii hajatoka uani. Je, Isaya alifanya nini baada ya kuleta habari hiyo njema? Aliagiza tini ziletwe, zikabandikwa kwenye jipu. Ahadi ilikuwa imekwisha kutolewa, na bado dawa ikapakwa. Paulo naye hakumwambia Timotheo avumilie tumbo lake kwa imani tu, alimpa shauri la kulitunza. Kwa hivyo mchungaji anayemwombea mgonjwa ana haki ya kumwuliza palepale, "Mama, dripu yako ijayo ni tarehe ngapi?" na kuiandika. Kama ni uponyaji, daktari atauona kwenye picha na vipimo, naye ndiye atakayesema tuache.

Asifunge. Kufunga ni kwa walio na nguvu, na wengine wanaweza kufunga kwa ajili yake. Mitishamba, hata ile ya muumini mwenzetu, asitumie bila kumwambia daktari, kwa maana mingine huchosha ini na figo ambazo tayari zina kazi ya kuitoa kemo mwilini.

Juu ya ziara, ndugu, tuwe na kiasi. Watu thelathini katika nyumba ya vyumba viwili, siku ya kumi, na watatu wanakohoa, ni upendo wenye hatari. Wawili waende, waoshe mikono, waimbe ubeti mmoja, waombe kwa ufupi, waache unga na kuni, waondoke. Kikundi kizima kije wiki ya tatu. Jumapili ya wiki ya pili akikosa ibada asiandikwe kwamba amerudi nyuma. Mpelekeeni mahubiri kwa simu.

Na asilazimishwe kushuhudia. Kuna siku ataamka na maneno ya sifa, na kuna siku atakuwa na hasira na Mungu, tena hasira ya kweli. Zaburi nyingi zimejaa malalamiko ya namna hiyo na hakuna aliyezifuta. Keti naye tu.

Pesa

Hapa tutakuwa wafupi, si kwa sababu ni jambo dogo, ila kwa sababu mambo hubadilika. NHIF iliisha, na tangu tarehe 1 Oktoba 2024 bima ni ya SHA. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75, na hakuna anayelipa chini ya shilingi 300 kwa mwezi. Asiyeajiriwa hulipa ya mwaka mzima kwa pamoja, na hapo ndipo wengi hukwama. Chama kinaweza kumkopesha mwanachama kiasi hicho kabla ugonjwa haujabisha hodi. Fungu la kansa lina kikomo kwa jamaa nzima kwa mwaka, si kwa kila mtu. Kwa hivyo kabla ya kila dripu uliza ofisi ya SHA hospitalini kimebaki kiasi gani, ili msishtuke katikati.

Mkifanya harambee, msihesabu dawa peke yake. Kuna nauli ya watu wawili, kwa kuwa hafai kurudi peke yake. Kuna mahali pa kulala, na kuna kipimo cha damu kabla ya kila dripu. Damu ikiwa haijapanda, dripu huahirishwa. Watu wamesafiri kutoka mbali hadi Eldoret wakarudishwa mlangoni kwa sababu hiyo, na nauli imekwisha. Muulize kliniki kama inakubali damu ipimwe katika hospitali iliyo karibu siku moja au mbili kabla, na majibu yapigiwe simu.

MASWALI YA KIKUNDI

Je, katika kikundi chetu kuna nyumba yenye kipimajoto? Kama haipo, tutakinunua lini, na kitakaa kwa nani?

Usiku wa manane, mtu wetu akipata joto siku ya kumi, ni gari au pikipiki ya nani tutaita, na namba yake imeandikwa wapi?

Wawili waigize: mmoja ni daktari wa zamu aliyechoka, mwingine amemleta mama yake. Aseme maneno ya kwenye karatasi hadi asikike. Kisha wabadilishane.